Kuiwahi Fosfeti: Kingamwili na Protini za Sinapsi

Mwongozo huu ni wako wewe unayeanza kutumia kingamwili kupima protini za sinapsi zilizobandikwa fosfeti. Pengine ni mwanafunzi wa uzamili, pengine ni mtaalamu wa maabara uliyekabidhiwa kichupa cha maikrolita mia moja ukaambiwa ulete majibu. Kichupa hicho ni ghali, na hakiwezi kuokoa sampuli iliyoharibika kabla hakijafunguliwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo yangu inahusu dakika chache zinazotangulia jeli. Ukikosea kwenye jeli, utaiendesha tena kesho kwa sampuli ileile. Ukikosea kwenye dakika zile, hakuna sampuli ya kurudia.

Tushike mfano mmoja tuufuate. GluA1 ni kijenzi cha kipokezi cha glutameti cha aina ya AMPA, kile kinachobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya haraka kati ya nyuroni za ubongo. Mkia wake ulio ndani ya seli una asidi amino kadhaa zinazoweza kubandikwa fosfeti. Serini ya 845 hubandikwa na kinasi A, na serini ya 831 hubandikwa na CaMKII pamoja na kinasi C. Fosfeti ikikaa kwenye 845, kipokezi huelekea kubaki kwenye uso wa nyuroni. Ikibanduliwa, huelekea kuvutwa ndani. Mwaka 2000 Hey-Kyoung Lee, Mark Bear, Richard Huganir na wenzao walionyesha kwamba sinapsi za hipokampasi zinapoimarishwa au kudhoofishwa, serini hizi mbili hubadilika kila moja kwa namna yake, kutegemea sinapsi ilikuwa katika hali gani mwanzoni. Kazi ya aina hiyo inasimama juu ya kingamwili zinazotofautisha serini yenye fosfeti na serini tupu.

Ujuzi wa kuzitengeneza ulikomaa katika maabara ya Paul Greengard nchini Marekani, mtafiti aliyeipa dunia protini iitwayo sinapsini na ambaye mwaka 2000 aligawana Tuzo ya Nobel ya tiba na Arvid Carlsson na Eric Kandel. Kabla ya hapo, aliyetaka kuona fosfeti ikibandikwa alilisha tishu fosforasi yenye mnunurisho, akaendesha jeli, kisha akaiweka juu ya filamu. Mwaka 1982 kundi la Greengard lilichapisha taarifa ya kingamwili za seramu zilizoweza kutofautisha protini moja ikiwa na fosfeti na ikiwa haina. Siku hizi njia ya kawaida ni kutengeneza peptidi fupi, ya asidi amino kumi hadi kumi na tano, ambayo serini yake imeshabandikwa fosfeti. Peptidi hiyo hufungwa kwenye protini kubwa na kuchomwa sungura. Seramu inayopatikana hupitishwa kwenye safu iliyojazwa peptidi isiyo na fosfeti, ili kingamwili zinazoishika protini hata ikiwa tupu zinaswe humo zibaki nyuma. Usisahau hatua hiyo ya mwisho, kwa sababu unaponunua kingamwili ya seramu, ubora wake wote unategemea usafishaji ule ulifanywa vizuri kiasi gani kwa toleo lile ulilouziwa. Toleo lijalo litatoka kwa sungura mwingine.

Kabla ya kuagiza

Anza na namba. GluA1 huzaliwa na kipande cha mbele chenye asidi amino 18 ambacho hukatwa baadaye. Watafiti wa sinapsi huhesabu baada ya kukiondoa kipande hicho, ilhali hifadhidata ya UniProt huhesabu tangu asidi amino ya kwanza kabisa. Matokeo yake ni kwamba serini 845 ya makala za sinapsi ni serini 863 ya hifadhidata, na 831 ni 849. Ukiitafuta 845 kwenye mfuatano wa UniProt bila kulijua hili utaangukia isolusini, ambayo haibandikwi fosfeti. Kwa hiyo usiagize kwa namba peke yake. Muulize muuzaji mfuatano wa peptidi aliyotumia, uulaze juu ya mfuatano wa mnyama wako, uhesabu herufi kwa herufi.

Mnyama wako ana maana. Kingamwili nyingi za sinapsi zilijaribiwa kwa panya na binadamu tu. Yupo mtafiti wa Afrika Mashariki anayetaka kufanya kazi na fuko asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia, yule aliyeonyeshwa mwaka 2017 kwamba anaweza kuvumilia dakika 18 bila oksijeni hata kidogo. Swali ni zuri mno: fosfeti za sinapsi zake hufanya nini muda huo wote? Lakini asidi amino moja tu ikitofautiana karibu na serini lengwa, kingamwili inaweza kukataa kushika, na ukimya wa utando wako wa kuhamishia protini kutoka kwenye jeli utausoma kama habari ya fiziolojia. Mfuatano unalinganishwa bure kwenye kompyuta kabla hujalipa hata senti.

Kisha jiulize ni ndugu gani wa protini yako wanafanana nayo mahali pale. CaMKII ya alfa hujibandika fosfeti kwenye threonini 286, na ya beta kwenye threonini 287, na eneo linalozunguka threonini hizo ni lilelile. Kingamwili ya 286 itakupa bendi mbili, karibu na kilodaltoni 50 na 60, na zote mbili ni halali. Serini 9 ya sinapsini ya kwanza iko kwenye eneo ambalo sinapsini ya pili nayo inalo. Mbali na bendi pacha karibu na 80, unaweza kuona nyingine chini yake karibu na 55. Usiite bendi ya ziada uchafu kabla hujaitafutia ukoo wake. Na usiiite ukoo kabla hujaipima.

Mwisho, soma picha iliyo kwenye karatasi ya maelezo ya kingamwili. Wauzaji wengi huonyesha seli zilizotiwa dawa inayozuia fosfatasi zote, bendi ikapanda, wakaishia hapo. Dawa hiyo hupandisha fosfeti kwenye mamia ya protini kwa mara moja, kwa hiyo bendi iliyopanda haithibitishi ni serini ipi iliyoonekana. Mimi humwamini zaidi muuzaji anayeonyesha protini ambayo serini yake imebadilishwa kuwa alanini na bendi ikatoweka. Kama ipo kingamwili ya aina moja inayotengenezwa kwa vinasaba, ichague hata kama bei imezidi kidogo, maana toleo la mwakani litakuwa sawa na la mwaka huu.

Dakika zinazoamua

Kinasi huhitaji ATP ili kubandika fosfeti. Fosfatasi haihitaji ATP kuibandua. Fikiria basi kinachotokea damu inapoacha kufika kwenye ubongo: oksijeni inakwisha, ATP inaporomoka ndani ya muda mfupi sana, kinasi zinakosa malighafi, na fosfatasi zinaendelea na kazi. Fosfeti nyingi hupotea hivyo. Lakini si zote. Wakati huohuo kalsiamu humiminika ndani ya nyuroni, na kinasi zinazoamshwa na kalsiamu zinaweza kufanya kazi kwa ATP iliyosalia, kwa hiyo fosfeti nyingine hupanda kwanza. Huwezi kusema tu kwamba sampuli iliyochelewa ina fosfeti pungufu kisha ukarekebisha kwa hesabu. Kila serini ina mwendo wake.

Kwa nyuroni zilizokuzwa kwenye sahani, adui mkubwa ni mikono yako mwenyewe. Kubadilisha chakula cha seli huziamsha. Kuitoa sahani kwenye joto la 37 na kuiacha juu ya meza huzipoza. Kuzisafisha kwa bafa yenye kalsiamu tofauti na ziliyoizoea ni dawa tosha. Panga kazi hivi: nyuroni ziwe na umri wa majuma mawili hadi matatu, wakati sinapsi zimekomaa, usiguse chakula chao siku ya jaribio, dawa iongezwe kwa ujazo mdogo uliopashwa moto hadi 37, na sahani ya kulinganisha ipate ujazo uleule wa kiyeyushi kitupu, kwa mkono uleule, kwa muda uleule.

Kisha simamisha kila kitu kwa mkupuo. Weka bafa yenye SDS asilimia 1 kwenye kizuizi cha joto cha nyuzi 95 kabla hujaanza. Toa sahani moja, moja tu. Inamisha, vuta chakula chote kwa pampu, na papo hapo mwaga maikrolita mia moja au mia na hamsini za bafa ile ya moto kwenye kila kisima. Kwangua kwa mpira. Utaona mchanganyiko unageuka uzito wa ute wa yai, unavutika na kung'ang'ania ncha ya pipeti: hiyo ni DNA iliyofumuka. Uhamishie kwenye kichupa, uchemshe dakika tano, kisha ukate DNA kwa mawimbi ya sauti au kwa kuipitisha mara kadhaa kwenye sindano nyembamba. Ndipo uifuate sahani ya pili. Ukizitoa sahani sita pamoja na kuzipanga juu ya barafu, ya sita itakuwa imepigwa baridi dakika nyingi kuliko ya kwanza, na tofauti hiyo itaingia kwenye grafu yako ikiwa imevaa jina la dawa.

Vipande hai vya ubongo vina shida yao. Kisu chenyewe ni jeraha, na hali ya fosfeti mara baada ya kukata haifanani na ile ya mnyama mzima. Vipe vipande saa kadhaa za kupumzika kwenye bafa yenye oksijeni kabla ya kuanza, na vyote vipumzike muda sawa. Hata hivyo usidhani kwamba saa hizo huvirudisha vilivyokuwa. Baadhi ya protini hubaki tofauti na za ubongo ulio hai. Linganisha kipande na kipande, usilinganishe kipande na ubongo mzima.

Kwa mnyama mzima, ukishapata kibali cha kamati ya maadili, fikiria dawa ya usingizi kama sehemu ya jaribio. Mwaka 2007 Emmanuel Planel na wenzake walionyesha kwamba panya waliolazwa kwa dawa za usingizi walipata ongezeko kubwa la fosfeti kwenye protini ya tau, na chanzo kilikuwa kupoa kwa mwili: fosfatasi huzorota kwa baridi haraka kuliko kinasi. Panya waliopashwa moto hawakupata ongezeko hilo. Funzo la vitendo ni kuweka kipimajoto na pedi ya moto, na kuandika joto la kila mnyama. Kuhusu kusimamisha vimeng'enya, njia bora kuliko zote ni mashine maalumu ya mikrowevu inayoelekezwa kichwani na kuupika ubongo ndani ya sekunde moja hivi. Ile ya jikoni haifai hata kwa kujaribu. Maabara nyingi hazina mashine hiyo. Zilizo na naitrojeni kimiminika hugandisha kichwa cha panya mdogo papo hapo na kuchambua ubongo ukiwa ungali umeganda. Panya mkubwa ana kichwa kikubwa, na katikati huchelewa kuganda, kwa hiyo hipokampasi yake bado itakuwa na sekunde za kufanya mambo yake.

Ubongo wa binadamu aliyefariki saa kadhaa zilizopita unaweza kukueleza mengi kuhusu kiasi cha protini. Kuhusu serini 845 ilivyokuwa akiwa hai, sioni ukweli unaoweza kuupata humo.

Vizuizi vya fosfatasi, na rangi ya vanadeti

Kama umeyeyusha seli kwa SDS ya moto, vimeng'enya vimekufa na vizuizi vinaongeza usalama tu. Lakini ukihitaji kutenganisha sinaptosomu, yaani ncha za sinapsi zilizotengwa, au kuivuta protini kwa kingamwili, itakubidi kufanya kazi kwenye baridi na vimeng'enya vikiwa hai kwa saa nzima au zaidi. Hapo vizuizi ndiyo uhai wa sampuli. Floridi ya sodiamu, pairofosfeti ya sodiamu na beta-gliserofosfeti hulinda serini na threonini kwa ujumla. Asidi ya okadaiki huzuia vizuri fosfatasi ya PP2A na, kwa kiwango cha juu zaidi, PP1. Kalsinurini, ambayo ni fosfatasi kubwa ya sinapsi na mojawapo ya zinazohusika na kuibandua fosfeti ya 845, huponyoka asidi hiyo kwa viwango vya kawaida. Yenyewe hutegemea kalsiamu, kwa hiyo EGTA au EDTA kwenye bafa ndiyo inayoifunga mikono.

Tairosini, kama ile ya 1472 kwenye GluN2B, kijenzi cha kipokezi cha NMDA, hulindwa na vanadeti ya sodiamu, na hapa watu wengi humwaga unga kwenye maji wakadhani wamemaliza. Yeyusha unga upate milimola 200, rekebisha pH hadi 10. Mmiminiko utakuwa wa manjano, pengine wa chungwa. Rangi hiyo ni ya molekuli zilizoshikana kwa makundi, na makundi hayo hayazuii fosfatasi unazozilenga. Uchemshe hadi uwe mweupe kama maji. Upoze, upime tena pH, utakuta imebadilika. Irudishe 10, na manjano inaweza kujitokeza tena hafifu. Chemsha tena. Endelea hivyo hadi ubaki bila rangi hata pH ikiwa 10 na mmiminiko ukiwa umepoa. Gawa kwenye vichupa vidogo uvigandishe. Ukiona kichupa kimerudi manjano siku ya kazi, kichemshe tena. Na kumbuka kwamba EDTA huikamata vanadeti, na DTT huibadilisha, kwa hiyo anayepima tairosini asiviweke vyote kwenye bafa moja akategemea ulinzi.

Njia tatu za jeli zisizokosekana

Ukiwa na nafasi ya jaribio moja tu la uthibitisho, fanya la fosfatasi ya lambda. Kimeng'enya hiki, kitokacho kwenye kirusi cha bakteria, hubandua fosfeti kwenye serini, threonini na tairosini. Protini inabaki palepale na kwa kiasi kilekile. Kilichoondoka ni fosfeti. Bendi inayobaki na nguvu ileile baada ya lambda haikuwa bendi ya fosfeti, hata karatasi ya maelezo ikisema nini.

Ugumu ni kwamba lambda haipendi SDS, haifanyi kazi bila manganizi, na huzuiwa na vitu vilevile ulivyoviweka kuilinda sampuli. Kwa hiyo tenga sahani moja ya nyuroni zilizoamshwa na uiyeyushe kwa Triton X-100 asilimia 1, bila EDTA na bila vizuizi vya fosfatasi, ila vizuizi vya protiasi visivyo na EDTA viwemo. Igawe mara tatu. Fungu la kwanza litie SDS ya moto mara moja. La pili liweke kwenye nyuzi 30 kwa dakika 30 pamoja na bafa ya kimeng'enya na kloridi ya manganizi milimola 1, bila lambda, ila tia vizuizi vya fosfatasi. La tatu lifanyie hivyohivyo lakini bila vizuizi, na utie uniti 400 za lambda. Zote ziende kwenye jeli moja.

Fungu la pili ndilo watu huliacha, nalo ndilo linalokuambia kama protini ilimeng'enywa kwa kukaa tu nusu saa kwenye joto. Kingamwili ya fosfeti inatakiwa ionyeshe bendi kwenye la kwanza na la pili, na kukosa kwenye la tatu. Kingamwili ya GluA1 yote inatakiwa ionyeshe bendi tatu zinazolingana. Kama tayari sampuli zako zote ziko kwenye SDS, usikate tamaa: zihamishie kwenye utando, kata ukanda mmoja, uzuie kwa BSA, na uutie lambda na manganizi juu ya utando wenyewe kwa saa kadhaa.

Jeli na utando

Hapa nitapita upesi, kwa kuwa mengi unayajua. GluA1 hukaa juu kidogo ya kilodaltoni 100. Zuia utando kwa BSA asilimia 3 hadi 5 ndani ya bafa ya Tris yenye Tween. Maziwa ya unga yana kasini, ambayo yenyewe ni protini yenye fosfeti nyingi, na yanaweza kuongeza ukungu. Zipo kingamwili zinazofanya kazi vizuri ndani ya maziwa, na ukiwa nayo moja usione haya kuyatumia, ila anza na BSA. Kingamwili ya kwanza ikae usiku kucha kwenye nyuzi 4.

Usipime bendi iliyokolea hadi ikaungua. Endesha mara moja mfululizo wa maikrogramu 5, 10 na 20 za sampuli ileile; kama bendi ya 20 haikaribii maradufu ya 10, umeshavuka mahali ambapo kipimo kinasema kweli.

Fosfeti lazima igawanywe kwa protini yote, la sivyo ongezeko la GluA1 yenyewe litajifanya ongezeko la fosfeti. Njia ninayoipendekeza ni kutumia kingamwili mbili kwa pamoja, ya sungura kwa fosfeti na ya panya kwa protini yote, kila moja na rangi yake ya mng'ao. Hakikisha ile ya protini yote inashika mbali na serini 845, kwa mfano upande wa mbele wa protini, ili zisisukumane. Kuuosha utando kwa dawa kali na kuutumia tena ni desturi ya zamani inayopoteza protini na kuacha mabaki ya kingamwili ya kwanza. Ukilazimika, anza na ya fosfeti.

Kuhesabu nako kuna mtego: visima sita vya sahani moja, kutoka kwa mimba moja ya panya, ni jaribio moja. Rudia kwa seli za mimba nyingine.

Je, inaitika inavyopaswa?

Kingamwili nzuri ya 845 inatakiwa ipande na kushuka kwa dawa ambazo matokeo yake yanajulikana. Kwa kupanda, tumia forskolini, ambayo huamsha utengenezaji wa AMP ya duara na hatimaye kinasi A. Maikromola 50 pamoja na rolipramu kidogo, dakika 10 hadi 20. (Forskolini hutoka kwenye mizizi ya mmea ule ambao Wagikuyu huuita maigoya na kuupanda kama ua, anayeutazama uani huenda hajui kwamba unasaidia kufungua siri za sinapsi.) Kwa kushuka, NMDA maikromola 20 kwa dakika 3, kisha acha nyuroni zitulie kabla ya kuzisimamisha. Kama vyote viwili havibadilishi bendi, chunguza kwanza afya ya nyuroni, ndipo uilaumu kingamwili.

Jaribio la kushindanisha peptidi ni zuri kwa kiasi. Peptidi yenye fosfeti inatakiwa kuiua bendi, na isiyo na fosfeti iiache. Matokeo hayo yanasema kingamwili inaipenda peptidi hiyo. Hayasemi bendi uliyoiona ni GluA1. Nguvu zaidi iko kwenye seli za HEK293, ambazo kwa kawaida hazitengenezi GluA1: zipe GluA1 ya kawaida kwenye sahani moja na iliyobadilishwa serini 845 kuwa alanini kwenye nyingine, zitie forskolini zote mbili, na utazame. Usitumie iliyobadilishwa kuwa aspateti kama mfano wa serini yenye fosfeti. Kinasi haina pa kubandika hapo, na kingamwili nyingi hazidanganywi na chaji hasi peke yake.

Chini ya hadubini

Kwenye utando una uzito wa kilodaltoni wa kukuongoza. Kwenye picha ya mng'ao huna. Kila kilichoshikwa kinang'aa sawa. Kwa hiyo kingamwili iliyofaulu kwenye jeli inahitaji kuthibitishwa upya kwenye hadubini, na iliyoonyesha bendi nne kwenye jeli isifikishwe huko kabisa.

Hifadhi nyuroni kwa paraformaldehidi asilimia 4 yenye sukrosi asilimia 4, iliyopashwa joto kwanza, dakika 10 hadi 15. Kumbuka paraformaldehidi haisimamishi vimeng'enya mara moja kama SDS, kwa hiyo floridi ya sodiamu kwenye vimiminiko vyako haitakuwa bure. Mkia wa GluA1 uko ndani ya seli, lazima utoboe utando wa seli kwa Triton. Kwenye tishu iliyohifadhiwa kwa paraformaldehidi kupitia mishipa ya damu kuna kikwazo kingine: msongamano wa protini nyuma ya sinapsi ni mzito kiasi kwamba kingamwili hazipenyi, na sinapsi zenye kipokezi tele huonekana tupu. Baadhi ya watafiti huifungua tishu kwa pepsini kwa dakika chache. Ukifanya hivyo, fanya na jaribio la lambda kwenye tishu iliyofunguliwa vilevile.

Tazama viini vya seli. GluA1 haina kazi kwenye kiini, lakini kingamwili nyingi za fosfeti hung'arisha kiini kwa kushika kitu kingine. Kiini kikiwaka, swali la vitone vilivyo kwenye dendraiti nalo liko wazi. Tafuta vitone vinavyokaa pamoja na PSD-95, protini ya nyuma ya sinapsi, au vinavyotazamana na sinapsini, vinavyopungua kwa NMDA na kutoweka kwa lambda.

Uwiano si asilimia

Ukipata ongezeko maradufu, unachojua ni kwamba mng'ao wa fosfeti kwa kila kipimo cha protini umeongezeka maradufu. Hujui kama umetoka asilimia 1 kwenda 2 au 30 kwenda 60, na kwa fiziolojia ya sinapsi hizo ni dunia mbili. Suala hili liligawanya wataalamu. Mwaka 2015 Hosokawa na wenzake walitumia Phos-tag, molekuli iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Hiroshima ambayo ndani ya jeli huishika fosfeti na kuichelewesha protini, wakaripoti kwamba ni sehemu ndogo mno ya GluA1 ya hipokampasi iliyo na fosfeti kwenye 831 na 845. Mwaka 2016 Graham Diering, Huganir na wenzao wakajibu kwa vipimo vyao kwamba sehemu yenye fosfeti ni kubwa. Tofauti kama hiyo kati ya maabara ambazo zote zina uwezo inakuonyesha uzito wa maandalizi ya sampuli na ya vipimo. Kwako wewe, inamaanisha usiandike neno asilimia kwenye mhimili wa grafu uliyoipata kwa kugawanya bendi mbili. Andika uwiano, na useme umelinganishwa na nini. Phos-tag ukiweza kuipata, iendeshe sambamba. Huiona protini yote, yenye fosfeti na isiyo nayo, kwa kingamwili moja ya kawaida.

Uangalie pia ujirani. Ndani ya sinapsini ya kwanza, serini 549 hubandikwa na kinasi za MAP na serini 551 na Cdk5, zikiwa zimepishana asidi amino moja tu. Fosfeti ya jirani inaweza kuizuia kingamwili isiione ile unayoitafuta. Ishara ikishuka, inawezekana serini yako imebaki vilevile na jirani ndiye aliyepata mgeni.

Sampuli ya rejea

Kingamwili nyingi huja zikiwa na gliseroli nusu kwa nusu na hazigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Zisizo na gliseroli zigawe kwenye vichupa vidogo mara tu zifikapo. Usizitunze kwenye friza inayojiyeyusha barafu yenyewe, maana hupanda na kushuka joto kila siku bila wewe kujua. Ikiwa mzigo ulikaa uwanja wa ndege siku mbili za ziada au umeme ulikatika wikendi nzima, usitupe wala usiamini. Pima.

Ili uweze kupima, tengeneza mapema akiba kubwa ya sampuli mbili: nyuroni zilizotiwa forskolini, na zilezile baada ya lambda. Ziwe kwenye bafa ya SDS, zigawe maikrolita 20 kwa kila kichupa, zikae nyuzi 80 chini ya sifuri. Kila jeli unayoendesha ipewe njia mbili za akiba hii, na kila toleo jipya la kingamwili lijaribiwe nayo kabla ya kugusa sampuli halisi. Andika namba ya toleo kwenye daftari pamoja na tarehe. Akiba ikikaribia kwisha, tengeneza nyingine, na uendeshe ya zamani na mpya kwenye jeli moja kabla ile ya zamani haijaisha.